Nati Yenye Alama za Koleo

Alisalimia gurudumu kwanza, mtu baadaye. Ulipofika kibandani kwake pale Mukuyuni, ubavuni mwa mashine ya kusaga unga, hakukutazama usoni. Alichuchumaa, akazungusha gurudumu la pikipiki yako mpaka valvu ikaja juu, akaigusa kwa kidole gumba kuona kama imesimama wima au imelala. Ikiwa imesimama, aliinuka, akajipangusa mkono kwenye suruali, akakuuliza habari za nyumbani na kama mvua imewafikia. Ikiwa imelala, hukuulizwa habari yoyote. Uliulizwa, "Umefanyia nini hii kitu?"

Kwa wale ambao hawajawahi kusukuma pikipiki juani, valvu ni kale kamrija kafupi kanakochomoza kwenye rimu, kale unakotilia upepo. Tyubu inaweza kuwa mpya na tairi likawa na meno yake yote, lakini kamrija hako kakichanika shinani, hakuna kiraka kitakachokusaidia. Unatembea kwa miguu. Fundi aliliona jambo hili kuwa kubwa kuliko watu wengi walivyoliona, na mimi nilikuwa mmoja wa hao watu wengi.

Nilikuwa mhudumu wa afya katika zahanati moja ya misheni, miaka ya sabini, na pikipiki niliyopewa ilikuwa ya kubebea chanjo. Kila wiki nilifunga sanduku la barafu nyuma ya kiti, nikateremka kutoka kwenye baridi ya Nunguni, nikapita Mukuyuni, nikaelekea nyanda za joto upande wa mto Athi, ambako akina mama walikuwa wakinisubiri na watoto migongoni. Watu waliniita Daktari. Sikuwa daktari, lakini sikuwahi kumrekebisha mtu. Yeye nitamwita Fundi. Jina lake nalijua, na la baba yake pia, lakini kuna siku nililitaja mbele ya watu ili nimsingizie, na tangu siku hiyo naona haya kulitamka tena.

Kazi yake aliifanya kwa masikio na ngozi. Tyubu ikiwa na tundu dogo lisiloonekana, aliipitisha karibu na shavu, polepole, macho yamefumbwa, kisha karibu na midomo, mpaka akasikia ule upepo mwembamba. Shida ilikuwa ile mashine ya kusaga, ambayo ilinguruma hatua chache kutoka alipokaa. Mwenye mashine alikuwa mama mmoja mwenye mwili na sauti, na kila siku mara tatu au nne walijibizana juu ya ua, Fundi akimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

"Mwaitu! Zima kidogo!"

"Nikizima hawa watu wakule nini? Wakule valvu?"

"Dakika moja tu nisikie hii."

Na yule mama, baada ya kusonya na kumwita Mungu ashuhudie, alizima. Wanawake waliokuja na mahindi walinung'unika, makarai vichwani, na soko zima likatulia wakati mtu mzima aliyefumba macho anasikiliza mpira. Alipokwisha aliinua mkono, mashine ikaanza tena. Nimewahi kumwona akimfukuza mhubiri kwa sababu alikuwa anavuma wimbo wa tenzi wakati wa kusikiliza. Mhubiri alikasirika, lakini wiki iliyofuata alirudi, maana hapakuwa na fundi mwingine wa kuaminika kabla ya Machakos.

Mwaka ule wa ukame, tulipokula mahindi ya njano ya msaada na wanawake wakachimba mchanga wa mto mpaka wakazama mabegani kabla ya kuona maji, mafundi wengine waliendelea kutumbukiza tyubu kwenye beseni kutafuta mapovu. Yeye alilikausha beseni lake na kuliegemeza ukutani. Mteja mmoja alimwambia yuko tayari kuleta maji yake mwenyewe. Fundi akamwonyesha barabara, punda watatu wanapita na madumu, mama anawafuata miguu imejaa vumbi hadi magotini. "Hayo maji yametoka wapi, na yamebebwa na nani? Wewe unataka niyachafue na tyubu?" Miezi yote ile alitafuta matundu kwa shavu na kwa mate. Alitema mate kidogo kwenye kidole, akaziba mdomo wa valvu, akangoja. Kapovu kakivimba, alijua kile kisindano cha ndani kimelegea au kimeingiwa na mchanga, akakitoa, akakipuliza, akakifunga upya.

Mchanga ndio uliokuwa adui yake mkubwa, na kwa hiyo kifuniko cha valvu alikiheshimu mno. Kifuniko ni kitu kidogo, kinaanguka, mtu hakitafuti. Lakini vumbi letu jekundu linaingia popote, na punje moja ya mchanga ikikaa kwenye kisindano, upepo unatoka usiku kucha bila wewe kusikia. Ukija kwake bila kifuniko hakukutilia upepo. Alichukua kisu, akakaa kwenye kigogo, akakuchongea kimoja kutoka kijiti cha mti mgumu, akakifunga kwa utepe wa tyubu kuukuu ili kisipotee. Alichonga vizuri, kama watu wetu wengi wanavyochonga, ila wengine walichonga twiga na Wamasai wa kuuzia watalii, yeye alichonga vifuniko vya valvu. Nusu ya pikipiki na baiskeli za upande ule zilikuwa na vifuniko vyake vya mti.

Sasa mtu akisikia haya atadhani alikuwa mtu nadhifu katika kila jambo. La! Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa aibu. Gurudumu la mbele lilikuwa na tyubu yenye viraka kumi na kitu, la nyuma halikuwa na tyubu kabisa, alilijaza matambara. Nilipomuuliza, alisema, "Mimi siendi mahali. Wewe ndio unaenda." Na pikipiki aliziogopa. Miaka yote niliyomjua sikumwona akipanda hata moja, wala kubebwa. Alizisukuma kutoka kibandani hadi barabarani, akakuachia usukani, akarudi nyuma hatua tatu ndipo uwashe.

Kanisani alikuwa mzee wa kuwaonyesha watu mahali pa kukaa, na kazi hiyo aliifanya kwa dakika kumi tu. Mahubiri yakianza alitoka nje polepole, na kupitia dirishani ungemwona akizunguka kwenye baiskeli za waumini zilizoegemezwa kwenye ua wa minyaa, anagusa valvu moja moja. Mchungaji alimlalamikia. Akajibu kwamba yeye hutilia upepo wale wanaokwenda mbali, na Mungu anajua nani hao. Jumapili hakufungua kibanda, lakini aliiacha pampu yake ikining'inia nje kwenye msumari, na aliyeihitaji aliitumia.

Sifa alizitoa kwa shida. Aliwahi kunisifu mara moja tu. Nilikuwa nimekwenda na kurudi majuma matatu, mchanga na mawe, na valvu zote mbili bado zimesimama wima. Aliigusa ya nyuma, akaigusa tena, akasema, "Wiki hii umeendesha kama mtu." Nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu neno kwa neno. Sikuwahi kumsimulia sifa nilizopewa na wakubwa wangu.

Alinifundisha mambo mengi ya valvu, mengine bila kutaka. Kwamba lile tundu la rimu linalopitisha valvu huwa na ukingo mkali, na ni lazima ulipigie tupa mpaka liwe laini, kisha uvishe shina la valvu kipande cha mpira kama kola. Kwamba tyubu mpya hutiwa upepo kidogo, ikafunguliwa, ikatiwa tena, ili ijinyooshe ndani ya tairi na isikunjike penye valvu. Kwamba ukipiga pampu usiivute huku na huku, maana kila mvuto unachosha shina. Lakini somo lake kubwa lilikuwa la nati.

Kwenye shina la valvu kuna nati ndogo ya duara. Pikipiki ikija mpya, nati hiyo imekazwa hadi inabana rimu, na mtu anayependa mambo yaonekane sawa hupenda ikae hivyo. Fundi aliilegeza kila aliyoikuta. Aliizungusha kwa vidole hadi juu kabisa ikakutana na kifuniko, ikabaki pale inacheza.

"Mbona unailegeza?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Wewe ukivutwa mkono, si unafuata kidogo usivunjike?" Alinishika kiganja akakivuta, nikasogea. "Upepo ukipungua, tairi inateleza kwa rimu. Inavuta tyubu. Valvu ikiwa huru italala. Wewe utaona imelala, utasimama, utarudisha. Sasa ukifunga na nati, italala aje? Itasimama tu hivyo, unasema iko sawa, kumbe inakatika huko ndani. Inakuficha."

Na mahali petu tairi hupungua upepo kwa makusudi. Mito yetu mwaka mwingi ni mchanga mtupu. Ukitaka kuuvuka kwa pikipiki unatoa upepo kidogo ili tairi litanuke lisizame, kisha ng'ambo unashuka, unatoa pampu, unarudisha upepo kabla hujaguswa na jiwe. Kila mpanda pikipiki wa upande ule alijua hivyo. Kutoa upepo kulikuwa rahisi, hata mvivu alitoa. Kurudisha ndiko kulikomshinda, juani, na pampu ya mkono.

Basi akaja mkaguzi. Alitumwa kukagua vyombo vya zahanati, naye alikuwa kijana wa soksi ndefu aliyependa vitu vikazwe. Aliizunguka pikipiki yangu, akaona nati ya gurudumu la nyuma inacheza juu ya valvu. Akaitikisa kwa kidole, ikalia. "Hii ndiyo matengenezo yenu?" aliniuliza mbele ya wauguzi. Tyubu ile ilikuwa mpya, Fundi ameifunga siku moja tu kabla, na jibu la kumpa mkaguzi nilikuwa nalo lote, nati, tairi, mchanga, kila kitu. Sikumpa. Niliona haya kusema kwamba nimefundishwa na mtu wa kibandani. Nilichukua koleo, nikaiteremsha nati mpaka kwenye rimu, nikaikaza mpaka meno ya koleo yakaacha alama kwenye chuma. Mkaguzi akatia sahihi, akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo. Niliteremka na sanduku langu. Kwa kawaida nilisimama Mukuyuni, hata kama ni kwa salamu tu. Siku hiyo nilipita bila kupunguza mwendo, maana nilijua angechuchumaa na kuiona. Nilimwona akiinua mkono. Nikapiga honi nikaendelea.

Mtoni nilitoa upepo, nikavuka vizuri. Ng'ambo nilikuwa nimechelewa, jua kali, na mbele yangu zilikuwa maili chache tu. Nikasema nitatilia upepo nikifika. Nilipita kwenye mawe na tairi laini vile, na kila niliposimama kidogo kutazama gurudumu la nyuma niliona valvu imesimama wima, inapendeza. Haikupasuka kwa kishindo. Ilipumua tu, fyuuu, na gurudumu likaketi chini.

Niliitoa tyubu. Valvu ilikuwa imechanika shinani karibu duara zima. Tyubu ya akiba sikuwa nayo, ndiyo hiyo niliyokuwa nimefungiwa. Kwa hasira, na kwa mazoea pia, niliirudishia nati yake, nikaitupa yote kichakani. Nikang'oa majani makavu nikayashindilia ndani ya tairi, nikaenda mwendo wa mtu wa miguu, nikishuka kila mara kuyapanga upya. Nilipofika, jua lilikuwa limeshaanza kuteremka na barafu imekuwa maji ya uvuguvugu. Chanjo ya surua ikipata joto haifai tena. Akina mama wengine walikuwa wameondoka, wengine walikuwa wanafunga watoto migongoni. Walikuwa wamenisubiri tangu asubuhi. Niliwaambia nitakuja wiki ijayo.

Surua haikungoja wiki ijayo. Ilipita katika maboma kadhaa, watoto wengi wakapona, mmoja akafa. Alikuwa binti wa mama mmoja aliyeimba kwaya pale Mukuyuni, kanisa lile lile la Fundi. Mama huyo alikuwa ameolewa huko chini lakini Jumapili alitembea kupanda kuja kuimba. Nilimjua, nilimjua na mtoto. Nilimpima mtoto huyo uzito kwa mikono yangu.

Naibu wa chifu aliitisha baraza sokoni. Watu walikuja wengi na walikuwa na uchungu. Aliuliza, kwa nini Daktari hakufika na dawa? Nilisimama. Mama wa mtoto alikuwa ameketi mbele, kanga kichwani, hanitazami. Nyuma kabisa, karibu na mashine ya kusaga, Fundi alikuwa amesimama na wenzake.

Nilisema tyubu ilikuwa imefungwa juzi yake tu. Nikasema valvu iling'oka njiani. Nikasema mimi si fundi, mimi ni mtu wa dawa, namwamini aliyefunga. Kisha nikalitaja jina lake. Ukilichukua kila neno peke yake, sikusema uwongo. Lakini nilikuwa nimedanganya watu mia mbili, na niliona vichwa vyote vikigeuka nyuma.

Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, kutoka kule kule aliposimama. "Hiyo tyubu iko wapi, Daktari?"

"Niliitupa," nikasema.

"Na nati?"

Nikasema sijui.

Yule mama alivuta kanga akafunika uso. Baraza likaisha.

Hakuna aliyemfukuza Mukuyuni. Watu wetu hawafanyi hivyo. Walianza tu kupeleka magurudumu yao kwingine, na waliopita kibandani walimsalimia kwa mbali. Kanisani yule mama alihamia benchi la upande wa pili ili asionyeshwe mahali pa kukaa na Fundi. Na mwenye mashine ya kusaga, aliyekuwa akisonya na kuzima kila alipoombwa, hakuzima tena. Fundi aliita, "Mwaitu, zima kidogo," na mashine ikaendelea kunguruma. Nilikuwepo siku moja nikayasikia haya, nimesimama dukani ng'ambo ya barabara, nikanunua kiberiti nisichokihitaji.

Majuma machache baadaye alikuja zahanati. Alitembea kutoka Mukuyuni hadi kwetu, na ni mlima mtupu. Mlinzi aliniambia kuna mzee yupo langoni, ana kitu kwenye karatasi. Nilitazama dirishani nikamwona, kofia mkononi. Nilijua ni kitu gani. Pale kwetu mpira haupotei, watu huokota tyubu kuukuu na kuzikata kamba za kufungia mizigo ya punda, na ambaye hajui kuzikata humpelekea Fundi. Mtu alikuwa amepita njia ile akaiokota yangu, na nati yake.

Nilimwambia mlinzi, "Mwambie nina wagonjwa."

Wagonjwa walikuwa wawili, na mmoja alikuja kutolewa nyuzi tu. Alingoja mpaka mchana, kisha akashuka. Katika maisha yangu nimefanya makosa mengi yaliyokuwa makubwa zaidi kwa macho ya watu, lakini nikiamka alfajiri nisipate usingizi, kinachonijia ni lile lango. Baraza lilikuwa la woga wa ghafla. Langoni nilikuwa na asubuhi nzima ya kufikiri.

Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka alihama. Nilisikia yuko Mtito Andei, anafunga tairi za malori.

Miaka ikapita, karibu ishirini. Niliacha kazi, nikahamia Kitui kwa mwanangu, nikanunua pikipiki yangu mwenyewe. Binti yangu aliolewa Voi, kwa hiyo nilipita Mtito Andei nikienda kumwona. Nilipita mara nne bila kusimama. Mara ya tano, nikirudi, nilisimama. Tairi zilikuwa nzima, sikuwa na kisingizio.

Kibanda chake kilikuwa karibu na hoteli ya chai, na madereva wanne watano waliketi kwenye benchi kivulini wakisubiri gurudumu la lori la ng'ombe. Alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Hakunitazama. Alichuchumaa kwa shida, akazungusha gurudumu langu la nyuma, akatafuta valvu kwa kidole gumba. Aliigusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imesimama," alisema. Kisha akainuka akanipa mkono. "Habari ya nyumbani, Daktari? Mvua iliwafikia?"

"Ilifika, Nau," nikasema, kama mtu anavyomwita baba yake.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Voi, na yote yalinitoka kichwani. Akaniletea kigoda. Dereva mmoja, Msomali mrefu mwenye lori lile la ng'ombe, aliona natazama valvu za tairi zilizolazwa pale chini, kila moja nati yake imelegezwa hadi kwenye kifuniko, akacheka.

"Unashangaa hizo nati? Sisi wote alitufundisha. Mzee, muonyeshe ile yako."

Fundi alisema hiyo ni hadithi ya zamani. Lakini dereva alikuwa ameshanyoosha mkono hadi kwenye mkebe wa tumbaku uliokuwa juu ya rafu. Akatoa nati ndogo akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyeusi kwa kushikwa, na ubavuni ilikuwa na mikwaruzo miwili mitatu, mahali meno ya koleo yalipouma.

"Unaona?" alisema dereva. "Kuna mtu alikaza hii na koleo. Akaingia mchanga, akatoa upepo, akatoka, hakurudisha. Valvu ikakatika yote. Sasa mzee akishika mtu ameikaza nati anamuonyesha hii."

"Na huyo mtu ni nani?" aliuliza mwingine kutoka kwenye benchi. "Kila siku tunauliza na mzee anakataa kusema."

"Mtu alikuwa na haraka," alisema Fundi. Alikuwa amenipa mgongo, anapanga viraka. "Alikuwa anapelekea watoto dawa. Hakuwa mtu mbaya."

Nikaelewa kwamba alikuwa ameisimulia hadithi hii miaka yote kwa kila dereva wa barabara ya Mombasa, na ndani yake hakuna baraza, hakuna mtoto, wala hakuna yeye mwenyewe. Alinitoa jina langu na akajitoa na yeye. Nilisimama nikasema kwa sauti, watu wote wasikie.

"Ni mimi."

Walicheka. Msomali alinipiga bega, akasema huyu mzee wa pikipiki ana mchezo, akaagiza niletewe chai. Nikasema tena, "Nawaambia kweli, ni mimi, na nilimsingizia huyu." Wakazidi kucheka, mmoja akajifuta machozi. Walikuwa watu wazuri, wamechoka na safari, na nilikuwa nimewafurahisha.

Fundi hakucheka. Alingoja mpaka wakarudi kwenye chai yao, akanisogelea.

"Umesema," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimesikia. Lakini hawa sio wale."

"Nisamehe."

"Hiyo nilimaliza zamani. Ingenikalia hapa nifanye kazi aje?" Alijigusa kifua. "Ni yule mama wa kwaya. Mpaka leo anajua mtoto aliuawa na mimi. Nilienda kumuonyesha hiyo nati, akafunga mlango. Sikumlaumu. Wewe ulikuwa na kitabu, mimi nilikuwa na pampu tu, angemwamini nani?"

Nilimuuliza kama mama yule bado yuko hai. Akasema yuko hai, amezeeka, haimbi tena, lakini huenda kanisani pale pale Mukuyuni. Nikasema nitakwenda kwake. Nikasema nitasimama kanisani.

Aliitikia kwa kichwa. Nilipotaka kumrudishia nati, aliikunja mikono yangu juu yake. "Mpelekee," akasema. Kisha akaisukuma pikipiki yangu hadi barabarani, akaniachia usukani, akarudi nyuma hatua tatu. "Kavola, Daktari. Polepole."

Nilifika Emali saa nane mchana. Pale kuna njia inayopanda kwenda upande wa Nunguni, na ningefika Mukuyuni jua likiwa bado juu. Nilisimama njia panda, nikashuka, nikaikagua valvu. Ilikuwa imesimama. Nilisema nimechoka, nguo zimejaa vumbi, mtu haendi kwa mama wa watu na habari kama hiyo bila kujitayarisha. Nikajiambia nitakuja wiki ijayo. Nikayasikia maneno hayo yakinitoka, nikakumbuka niliwaambia akina nani mara ya kwanza, na bado niliwasha pikipiki nikashika njia ya kwangu.

Yule mama alizikwa kabla ya mavuno. Nilipata habari kwa barua ya mtu mwingine, iliyohusu mambo mengine. Mtito Andei sijapita tena, binti yangu ndiye huja kuniona. Nati iko kwenye droo, pamoja na miwani yangu, na kila ninapotafuta miwani ndiyo mkono hukutana nayo kwanza.